Kanda ya Familia Nne

Haya niliambiwa na Rakeli mwenyewe, mwezi wa tatu mwaka 2015, hapa Louisville, kwenye nyumba ya mashine za kufulia, tukikunja mashuka. Alisema huku anakunja, na kila alipofika mahali pa hasira alilibana shuka mpaka likawa dogo kama leso. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Palipokuwa na maneno makali kupita kiasi nimepunguza kidogo, maana Karaha bado yuko hai na bado anakwenda kanisani.

Rakeli ni mjane. Mume wake, Nyarugabo, alifia kambi ya wakimbizi Burundi mwaka 2007, kifua ndicho kilimwua. Wiki mbili kabla ya kufa alikaa mbele ya kamera ya video akasema maneno yake ya mwisho. Kati ya maneno hayo alisema kwamba siku watu watakapokuja kumposa binti yao Gaju, atakayekaa kwenye kiti cha baba na kuwajibu ni Rakeli. Rakeli aliyasikia kwa masikio yake. Kanda aliitia ndani ya soksi, akaivusha bahari, akaiweka chini ya nguo zake hapa Louisville miaka sita. Hakuwahi kuiangalia. Angeiangaliaje, na kamera hana?

Sasa mnajua kwetu. Posa haijibiwi na mwanamke. Upande wa mvulana wanaleta msemaji, upande wa msichana wanaweka msemaji, hao wawili wanachokozana kwa maneno mpaka watu wanacheka, na mwisho mwenye kiti anasema ndiyo au anasema hapana. Akisema hapana, wageni wanavaa viatu vyao. Kama baba amekufa, kiti ni cha ndugu yake. Na ndugu wa Nyarugabo ni huyo Karaha, mdogo wake, anayeishi Columbus.

Gaju yeye alikuwa Buffalo, anafanya kazi nyumba ya wazee kule Amherst na kupanga chumba na sebule huko North Buffalo. Alimpata kijana anaitwa Aganze, Mshi kwa kabila, mtu wa kiwandani, mtaratibu. Familia ya Aganze ikaomba siku. Ikapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, saa nane mchana.

Karaha akapiga simu Louisville.

"Shemeji, nimesikia kuna wageni."

"Wapo."

"Nitakwenda kukaa kwenye kiti cha kaka yangu. Na nitawaambia warudi kwao. Mimi nina mtu wa Gaju hapa Columbus, mtoto wa rafiki yangu, tulitoka mlima mmoja."

"Gaju hamtaki huyo mtu. Na kiti si chako. Nyarugabo alinipa mimi, mbele ya kamera."

Karaha akacheka. "Kamera gani? Mimi sikumbuki kamera. Bon, haya, kama ipo, pita Columbus uilete, niione kwa macho yangu. Nikiiona, nitakaa nyuma na watoto. Nisipoiona, wewe utakaa jikoni."

"Jikoni nitakaa siku nikisikia njaa," Rakeli akamwambia, akakata simu.

Donc, basi, ilikuwa Jumanne. Alikuwa na siku nne.

Jirani yake Zita, mwenye kompyuta mpya ya mapajani, ndiye aliyekwenda naye kwenye duka la mitumba. Wakapata kamera ya kanda ndogo, ya rangi ya fedha, na waya wake na chaja. Wakarudi, wakakaa kwenye zulia. Wakachomeka waya kwenye kamera, upande mwingine kwenye kompyuta. Kompyuta ikalia ti-ting, ikafungua dirisha, na ndani ya dirisha kulikuwa na picha nne: watoto wawili wa Kizungu, keki, na mbwa amevaa kofia.

"Ndiyo hizi zilizomo," Zita akasema.

"Zita, mume wangu hakuwa mbwa."

"Nasema kompyuta inaona hizi tu, dada."

"Iambie iangalie vizuri."

Zita akatoa waya, akarudisha. Akazima kompyuta, akawasha. Akabadilisha tundu. Picha nne. Mbwa yule yule. Ndipo wakagundua kwamba kamera ina sehemu mbili: ina kadi ndogo ubavuni inayoweka picha, na ina kanda. Ule waya ulikuwa unasoma kadi tu. Hizo picha zilikuwa za mwenye kamera wa kwanza. Kanda, kompyuta haikuwa hata inajua kama ipo.

Basi wakaacha kompyuta, wakabonyeza kamera icheze kanda kwenye kioo chake yenyewe. Kanda ikazunguka. Kioo kikawa rangi ya buluu, halafu vipande vipande vya mraba, kama mtu amemwaga vigae vya choo. Sauti ikatoka imekatika, neno nusu, kimya, neno nusu.

"Imeoza," Zita akasema. "Joto la kambini. Lete pamba na spiriti niifute."

Rakeli akaweka mkono juu ya kamera. "Usiguse. Kama imeoza, itaoza mbele ya Karaha, si mbele ya pamba yako."

Ijumaa alfajiri akawasha gari lake, lile bovu la milango inayovutwa, akaendesha mwenyewe mpaka Columbus. Mimi nilimwuliza kwa nini alikwenda na kanda isiyoonekana kwa mtu anayetaka isionekane. Akaniambia, "Bibi, aliniita. Nisingekwenda angesema nimeogopa."

Karaha alimpokea kwa chai na chapati, tusimnyime haki yake. Halafu akasema, "Haya, tuone."

Alikuwa amemwita na Aksanti, dada mmoja wa kanisa lao anayesomea shahada ya udaktari, elimu ya mambo ya maji, pale chuo kikuu, anakaa mtaa wa wanafunzi. Karaha alimwita awe shahidi kwamba kanda haina kitu. Hakujua anamwita nani. Aksanti aliangalia kamera, akaangalia waya wa Rakeli, akasema, "Mama, waya huu si wake. Huu ni wa picha. Kanda ina tundu lake, hili dogo hapa chini ya kifuniko, umeliona? Na kompyuta za siku hizi zimeliondoa tundu hilo. Yangu ni nzito na ya zamani, lakini inalo."

Akaenda kwake, akarudi na kompyuta yake na waya mwembamba wenye kichwa kidogo upande mmoja na kinene upande mwingine. Akachomeka. Akageuza kitasa cha kamera kutoka kwenye kupiga mpaka kwenye kuchezesha, maana, alisema, kamera ikiwa kwenye kupiga haitoi kilichomo. Na kweli, mara hii kompyuta ikaita kamera kwa jina lake. Rakeli akasogeza kiti.

Kanda ikaanza. Buluu. Vigae. Sauti kama jogoo aliyeshikwa koo.

Karaha alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kaka yangu amekuwa sakafu! Shemeji, huyu ndiye atajibu posa? Sakafu?"

"Cheka," Rakeli akamwambia. "Cheka sana leo."

Aksanti hakucheka. Alikuwa anapeleka kanda mbele kidogo, anarudisha, anasikiliza. "Kanda haijaoza," akasema. "Iliyooza inapotea mahali fulani fulani. Hii imevunjika sawasawa kila ninapoisikiliza. Nani aliirekodi?"

"Ezéchias. Yuko Buffalo sasa."

"Mpigie, mama. Weka sauti juu."

Ezéchias ndiye alikuwa mtu wa kamera kambi nzima. Mmisionari mmoja Mmarekani alimwachia kamera na kanda kumi, na kwa kanda kumi aliishi miaka minne. Harusi, ubatizo, kwaya, mazishi, salamu kwa walioko nje, yote yeye. Alipokea simu sauti nzito. Alikuwa amelala, anafanya zamu ya usiku kiwandani.

"Ndugu Ezéchias, kanda ya Nyarugabo inaonyesha vigae."

"Kamera gani?"

"Ya mitumba, ya hapa."

"Aaa! Mama Gaju, haitaweza. Siku zile kanda zilikuwa kidogo, na watu wengi. Nilikuwa naweka kwenye LP. Mwendo wa pole. Ya saa moja inaingia saa moja na nusu. Kanda yako iko na familia nne ndani. Ninyi ni wa nne."

Aksanti akagonga meza. "Ndiyo hiyo! Kwenye mwendo wa pole mistari inakuwa myembamba mno, inabanana. Kila kamera inaipanga kwa jicho lake. Kamera nyingine haiwezi kuifuata, inakosea mstari kila mara, inaona vigae."

"Donc?" Rakeli akauliza.

"Donc inataka kamera ile ile iliyoirekodi. Nyingine yoyote mtapoteza siku."

Rakeli akainama kwenye simu. "Ezéchias. Ile kamera iko wapi?"

"Iko mu gari yangu, nyuma. Mlango wake wa kanda haufungi tena, na betri ilikufa, lakini waya wa umeme upo."

Karaha alikuwa ameacha kucheka. Akaanza kutafuta ufunguo wake wa gari mfukoni bila sababu. "Hata ikionyesha," akasema, "mtu mgonjwa husema maneno mengi."

"Kwa hiyo sasa unaikumbuka kamera?" Rakeli akamwuliza.

Akaupata ufunguo, akaurudisha mfukoni. Aksanti akafunga kompyuta yake na waya, akavitia kwenye mfuko, akampa Rakeli. "Buffalo hutapata tundu hili haraka. Nirudishie ukipita." Karaha akamwangalia kama mtu aliyealika mvua kwenye nyumba isiyo na paa. Rakeli akamaliza chapati yake bila haraka, akaosha kikombe, akashika njia.

Theluji ilimkuta karibu na ziwa kubwa la njia ya Buffalo. Anasema kuna mahali alikuwa anaona taa mbili tu za lori la mbele, na alizifuata mpaka lori likasimama kwenye kituo cha mafuta, naye akajikuta amesimama nyuma yake kama ndama. Alifika kwa Gaju saa mbili usiku. Gaju alikuwa na macho ya kulia.

"Mama, baba mdogo amenipigia. Amesema kesho atawarudisha."

"Amesema. Wewe umepika nini?"

Asubuhi, saa nne, Ezéchias akaja kutoka zamu moja kwa moja, viatu vya kiwandani miguuni, kamera imefungwa kwenye taulo. Wakajiweka chumbani kwa Gaju, kitanda kikawa meza. Umeme, sawa. Waya wa Aksanti, sawa. Kompyuta ikaiita kamera. Ezéchias akaweka kanda, akabana mlango kwa kidole gumba, akabonyeza.

Kamera ikakataa. Kwenye kioo ikatokea picha ya tone la maji, inawaka na kuzima.

"Nini tena?" Rakeli akauliza.

"Unyevu. Imelala mu gari, baridi ya usiku mzima, halafu nimeileta kwenye joto. Imetoka jasho ndani. Nikiilazimisha, kanda itagandamana na kichwa kinachoisoma, itakatika. Toa kanda. Tunangoja."

"Kiasi gani?"

"Saa moja. Labda mbili."

Gaju akaleta mashine ya kukausha nywele. Ezéchias akaikinga kamera kwa mwili wake kama mtoto. "Ee dada! Hapana! Utayeyusha!" Kwa hiyo wakangoja. Waliacha mlango wa kanda wazi, kamera ikakaa juu ya mto kama mgonjwa. Saa tano tone likawaka. Saa sita likawaka. Ezéchias alikuwa anasinzia amekaa, anaamka, anabonyeza, tone, anasinzia.

Ila hawakuogopa sana, na hapa ndipo kosa lao lilipokuwa. Wote watatu walipiga hesabu ile ile bila kuisema. Wageni wameambiwa saa nane. Basi watafika saa kumi. Nani kati yetu amewahi kuona posa ya saa nane ikianza saa nane? Kwa hesabu hiyo walikuwa na muda mpaka wa kulala.

Saa saba na robo tone halikuja. Ezéchias akaweka kanda, akabana mlango, akabonyeza. Na kwenye kompyuta ya Aksanti, safi kabisa, hakuna kigae hata kimoja, ikatokea kwaya ya kambini imevaa mashati ya njano, inaimba.

Gaju akapiga kelele. Rakeli akashika mdomo.

"Peleka mbele," akasema. "Sisi ni wa nne."

"Sipeleki." Ezéchias akatikisa kichwa. "Kanda imekaa miaka minane imejikunja. Ukiivuta inakatika, nimeziona. Iende na mwendo wake, kompyuta inaandika. Familia tatu, kama saa moja na dakika kumi. Mimi nashika mlango."

"Saa moja na dakika kumi ni saa nane na nusu," Gaju akasema.

"Tuna muda," wakasema wote wawili.

Saa nane kamili mlango wa chini ukagongwa. Siku hiyo, Mungu anajua kwa nini, familia ya Aganze ilikuja kwa saa ya Wazungu. Kumbe walikuwa wameogopa theluji, wakatoka nyumbani mapema. Watu kumi na wawili, wamevaa vizuri, wamebeba soda. Na nyuma yao, anakung'uta koti, Karaha kutoka Columbus.

Sebule ilikuwa imepangwa pande mbili, na katikati ya upande wa msichana kiti kimoja chenye mikono, kimefunikwa kitenge. Karaha aliwasalimia wageni wote mkono kwa mkono. Akaitisha maji. Alipogeuka kwenda kukaa, kiti kilikuwa na mtu. Rakeli alikuwa ameketi, mikono juu ya mikono ya kiti, miguu pamoja.

Karaha akainama, akasema chinichini, "Shemeji, ondoka hapo."

"Niondoe."

Hawezi. Mbele ya wageni, shemeji hamgusi shemeji. Akasimama pale kama aliyesahau kilichomleta, halafu akavuta kiti cha plastiki akakaa pembeni.

Msemaji wao alikuwa mzee Birindwa, baba mkubwa wa Aganze, mtu wa maneno. Akasimama, akasafisha koo.

"Amani kwenu. Tulikuwa tunapita zetu, baridi ikatuzidi, tukaona dirisha lenye mwanga. Natafuta mzee wa nyumba hii nimwombe moto."

"Unamwangalia," Rakeli akasema.

Birindwa akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mimi naona mama."

"Basi macho ni mazima. Mzee alikufa, akaniacha hapa. Omba moto."

Watu wakaguna. Kijana mmoja akacheka kwenye kiganja. Birindwa mwenyewe akaanza kutabasamu, maana mchokozi akipata mchokozi mwenzake hufurahi.

"Moto tumeuona. Ila kuna ndama wetu amepotea. Nyayo zimeishia hapa mlangoni."

"Ndama? Kwenye theluji hii ya Buffalo? Mzee, hizo ni nyayo za mtu wa kuleta barua. Mfuateni, labda atawapa ndama."

Sebule ikalipuka. Wakaenda hivyo, huyu anarusha, yule anarudisha, na wale kumi na wawili walianza kupigiana makofi. Mwisho Birindwa akasema wazi kwamba wamekuja kumwomba Gaju awe mke wa Aganze. Rakeli akamwita Gaju, akamsimamisha katikati.

"Unamjua kijana huyu?"

"Namjua."

"Nikiwaambia warudi, utalia au utashukuru?"

"Nitakwenda nao, mama," Gaju akasema, na watu wakapiga vigelegele.

"Basi mmempata," Rakeli akasema. "Ndiyo yangu hiyo."

Karaha akasimama. Alikuwa ameungoja wakati huo. "Wageni wetu, samahani sana. Mtu yeyote anaweza kukaa kwenye kiti. Mimi ndiye ndugu wa marehemu, tumbo moja. Kwa niaba ya ukoo nasema hapana. Huyu binti tayari tuna mpango wake."

Vigelegele vikakatika. Birindwa akaangalia chini, akasugua mikono. Hakuwa mtu mbaya. Akasema pole pole, "Mama, umenijibu vizuri kuliko wanaume wengi. Lakini sisi hatuwezi kuondoka na neno lenye vichwa viwili. Kesho kutwa mtoto akizaliwa watatuuliza nani alitupa. Malizaneni kwanza. Tutarudi siku nyingine." Na mwanamke mmoja wa upande wao akaanza kutafuta viatu.

"Kaeni," Rakeli akasema. Hakupandisha sauti. "Hakuna atakayetoka. Marehemu mwenyewe ataulizwa. Ezéchias! Familia ya ngapi?"

Kutoka chumbani: "Ya tatu! Inaelekea kwisha!"

"Fungua mlango. Weka sauti juu."

Mlango ukafunguliwa, na watu wote wale, na koti zao, na soda zao, wakakaa wanasikiliza mwanamke wasiyemjua akimsalimia dada yake aliyekwenda Norwe. Alisalimia watu wa nyumba mmoja mmoja. Akaeleza kwamba mbuzi alizaa. Akaeleza kuhusu goti lake, upande wa kulia, halafu akakumbuka kwamba ni kushoto. Hakuna aliyethubutu kucheka. Karaha akasema, "Hii ni ajabu, tunasikiliza goti." Rakeli akamjibu bila kumtazama, "Na kanda ikikaa kimya, Karaha, neno langu ni lile lile. Nimeshalisema, sirudi kulichukua."

Halafu mwanamke wa goti akaaga, pakaja mkwaruzo, na sauti nyingine ikauliza:

"Imewaka? Hii taa nyekundu ndiyo? Bon."

Rakeli aliniambia kwamba hapo ndipo alipotaka kusimama aende chumbani amwone. Miaka minane. Lakini angesimama, kiti kingebaki wazi. Akakaa. Alimwona baadaye, wakati ule alimsikia tu.

"Mimi ni Nyarugabo. Nakohoa, lakini niko. Rakeli, mwavuli wa mchungaji uko nyuma ya mlango, mrudishie, sitaki aje kuudai kwenye mazishi." Watu wakacheka kwenye kanda, na watu wakacheka Buffalo. Akakohoa muda mrefu. "Sasa Gaju. Gaju ana miaka kumi na minne. Siku watakuja kumwomba, mimi sitakuwepo. Nani atajibu?"

Sauti ya kijana, karibu na kamera, ikasema, "Mimi nipo, kaka."

Kila mtu sebuleni aliijua sauti hiyo. Ilikuwa nyembamba zaidi, ndiyo tofauti.

"Wewe?" Nyarugabo akacheka mpaka kikohozi kikamshika tena. "Wewe Karaha mtu akikuuliza njia ya kisimani unamjibu kesho yake. Hapana. Atajibu Rakeli. Huyo hajawahi kukosa jibu tangu nimwoe, mimi nimeteseka vya kutosha, na wao wateseke. Kiti ni chake. Umesikia?"

Kanda ikakwaruza.

"Karaha. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Sema kwa nguvu, kamera ni kiziwi."

"Nimesikia!"

Sebuleni, Birindwa akamgeukia Karaha, akangoja. Watu wote wakangoja. Karaha alikuwa anaangalia mlango wa chumba, na Rakeli anasema uso wake haukuwa na hasira tena wala kitu kingine chochote, ulikuwa tu uso wa mtu aliyeitwa na kaka yake.

"Nimesikia," akasema, chini kabisa.

"Kwa nguvu, baba mdogo," Gaju akasema, na yule mwanamke aliyeshika viatu ndiye alikuwa wa kwanza kucheka.

Wakala wali na sombe, majani ya muhogo, na samaki. Karaha alikula nyuma na watoto kama alivyoahidi, na watoto walifurahi, alikuwa anawapa soda mbili mbili. Ezéchias hakula. Walipomwendea na sahani walimkuta ameanguka juu ya kitanda cha Gaju, viatu miguuni, usingizi umemchukua, na kidole gumba chake bado kinabana mlango wa kamera. Kanda ilikuwa imefika mwisho zamani. Wakaitoa kamera mkononi mwake pole pole, wakamfunika.

Wageni waliondoka kabla giza halijashika vizuri. Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa kwa theluji, kwa hiyo Karaha hakuweza kurudi Columbus. Rakeli akamtupia blanketi kwenye kochi bila neno. Gaju akajilaza kwenye godoro sakafuni, simu kifuani, Aganze bado anamwongelesha, mpaka akaacha kumjibu.

Rakeli akabaki na kompyuta ya Aksanti mapajani. Aliketi akaangalia familia ya nne kwa macho sasa: shati la Nyarugabo, kola iliyogeuzwa, mkono wake unaoshika goti. Akaangalia mara moja tu. Halafu akachomeka flashi, akabonyeza kama Ezéchias alivyomwonyesha, na mstari wa kijani ukaanza kutembea.

"Shemeji." Karaha alikuwa macho. "Na mimi nitengenezee moja."

"Ya nini? Si ulisema ni sakafu?"

"Ni kaka yangu, Rakeli."

Akamwacha angoje. Mstari ukafika nusu, ukapita nusu.

"Kesho," akamwambia. "Na utaniomba mbele ya Gaju."

"Nitaomba."

"Kwa nguvu."

Karaha akageukia ukuta, na baada ya kidogo akaanza kukoroma. Mstari ukajaa. Rakeli akachomoa flashi, akaitia ndani ya nguo, kifuani, akazima kompyuta, akazima taa. Akajilaza kando ya binti yake, akavuta nusu ya blanketi kwa nguvu maana Gaju alikuwa ameichukua yote, akalala.